Miezi mitatu ya jogingi, kitambi ndo kwanza kinanawiri!

FUNDI suti hakunitazama usoni. Alizungusha tepu kiunoni kwangu mara ya kwanza, akanyamaza. Akazungusha tena, akachomoa kalamu sikioni, akaandika kitu kwenye kidaftari chake, ndipo akaniuliza kwa upole kabisa: "Bosi, si ulisema unapunguza?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Miezi mitatu nyuma nilikwenda pale na kitambaa changu cha kijivu, akanipima, inchi 38. Nikamwambia kwa mbwembwe asikate kwanza, nakwenda kuanza mazoezi, nikirudi atakata ya inchi 34. Siku hiyo ndo nimerudi, tepu inasoma 40! Harusi ya mdogo wangu wa kike imebaki wiki sita, na mimi ndiye kaka mkubwa, baba yetu hayupo, ukumbi mzima utanitazama nikiingia naye mkono kwa mkono.

Na usidhani, msomaji, kwamba nilikuwa namdanganya fundi wa watu. Nilikuwa nakimbia kweli! Siku nne kwa wiki, saa 11:30 alfajiri, nipo Coco Beach na kikundi chetu cha jogingi. Tunaanzia pale, tunavuka Daraja la Tanzanite, tunageuzia upande wa mjini, tunarudi. Kilomita 6, dakika 45 kama hakuna aliyesimama kuuza sura. (Lile daraja tangu lifunguliwe mwaka 2022 limekuwa studio. Kuna watu wanakuja na trakisuti mpya, wanapigwa picha kumi, wanaita bajaji.)

Tatizo langu lilikuwa mkononi. Nilikuwa nimenunua saa janja pale Kariakoo, mkanda mweusi, kioo kinang'aa, na kila nikimaliza kukimbia inalia tii! na kuniandikia: kalori 780. Basi bwana, mimi hapo najiona tajiri. Kalori 780 zimeungua, kwa hiyo nina haki ya kula 780. Nimeshalipia! Ndivyo nilivyokuwa nawaambia washkaji, huku nimeshika sahani ya mihogo ya Coco, ile ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili ya kukutoa machozi, mishkaki miwili pembeni, na soda baridi ya kuteremshia. Nikifika nyumbani chapati moja kwa chai. Jioni nikipita kwa muuza chipsi, nafsi ikinisuta, naiambia ile ile: nimeshalipia.

Mizani yangu ilianza kilo 88. Siku ya fundi ilisoma 91.

Sasa ngoja nikupeleke chumba cha pili cha nyumba yetu, maana kule nako kulikuwa na mchezo mwingine kabisa.

Mdogo wangu, bi harusi mtarajiwa, ana miaka 24 na hakuwa mnene. Kilo 64, urefu wake sentimita 163, msichana wa watu yuko sawasawa. Lakini si unajua mambo ya harusi? Gauni limeonekana dukani, limempendeza, linabana kidogo, na badala ya kulipanua gauni akaamua kujipunguza yeye. Akaanza kukimbia kilomita 8 kila siku isipokuwa Ijumaa. Chakula akajipangia kalori 1,200 kwa siku, kiwango alichokipata kwa mashoga zake, na hakurudisha hata chembe ya kile alichokichoma. Nikimkaribisha mihogo ananitazama kama nimemtukana. "Kaka, nikila nilichokichoma si nitakuwa nimekimbia bure?"

Mimi nikaona ana hoja. Yeye akaniona mimi mlafi. Tukaishi hivyo, nyumba moja, kila mmoja na imani yake.

Alipungua, tena haraka. Watu wakamsifia, mashosti wakamwomba siri. Kisha akaanza kuwa na hasira za ajabu, usiku halali, mchana anasikia baridi wakati Dar nzima inatoka jasho. Mama akanyamaza, ila nikaona anamwangalia kwa jicho lisilo la kawaida. Siku moja nikakuta mama na shangazi wameinamiana jikoni wananong'ona. Nilipoingia wakaanza kuzungumzia vitunguu.

Nilikuja kuambiwa baadaye. Mama aligundua kwamba binti hajaziona siku zake kwa miezi mitatu. Unajua hapo mama Mswahili anawaza nini, harusi bado wiki kadhaa na kadi zimeshasambazwa! Shangazi akapewa kazi ya kumuuliza. Mtoto wa watu akalia, akaapa kwa kila kitu kwamba hana mimba. Wakampima kimyakimya, kweli hana. Badala ya kufurahi wakazidi kuogopa, safari hii wakitaja majina ya watu ambao hawakupewa kadi.

Jumamosi iliyofuata alianguka. Tulikuwa tunarudi juu ya daraja, yuko mbele yangu kama hatua ishirini, nikaona anayumba, akashika ukuta, akakaa chini taratibu kama mtu anayeamua kupumzika. Nilipomfikia midomo imekuwa myeupe. Watu wakamwagia maji, mmoja akasema ni jua. Saa 12:20 asubuhi, jua gani?

Hospitali walimpima malaria, damu, na mimba tena, maana dokta naye hakuwaamini kina shangazi. Kisha akatupeleka chumba cha mtaalamu wa lishe, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. (Si mamalishe wa pale kituoni jamani, huyu ni wa koti jeupe.) Akamuuliza anakula nini, anakimbia kiasi gani, akaandika, akapiga mstari. Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe kaka yake, mbona unapumua hivyo?"

Ndipo tukakaa wote wawili kwenye benchi moja kama wanafunzi waliochelewa namba.

Alianza na mimi. Akaniuliza nimepata wapi kiwango changu cha kula. Nikamwonyesha programu ya simu: ilinipa kalori 2,300 kwa siku ili nipungue. Akauliza, ulipojaza, ulijieleza kuwa mtu wa namna gani? Nikamwambia mtu wa mazoezi, siku tatu mpaka tano kwa wiki. Akacheka mpaka miwani ikamteremka.

"Mwanangu," akasema, "umelipwa mara mbili."

Akaniwekea hesabu ambayo naileta kwako kama ilivyo. Kuna kanuni inayotumika sana, ya tangu mwaka 1990, inaitwa Mifflin-St Jeor. Kwa mwanaume unachukua kilo zako mara 10, unajumlisha urefu wa sentimita mara 6.25, unatoa umri mara 5, unajumlisha 5. (Kwa mwanamke mwanzo ni huo huo, ila mwishoni badala ya kujumlisha 5 unatoa 161.) Mimi nilipoanza nilikuwa kilo 88, sentimita 172, miaka 31. Inakuja kama 1,800. Hizo mwili unazitumia hata ukilala kitandani siku nzima, kwa moyo, ubongo, ini na kupumua. Kisha unazidisha kulingana na maisha yako. Mtu wa kukaa ofisini kama mimi ni mara 1.2, unapata kama 2,170. Mtu anayefanya mazoezi ya kutosha ni mara 1.55, unapata kama 2,800.

Umeiona? Tofauti ya 2,170 na 2,800 ndiyo mazoezi yenyewe. Programu ilishanihesabia jogingi yote mapema, tena kwa ukarimu kuliko nilivyostahili, ikatoa 500 za kupunguza uzito, ikabaki 2,300. Mimi nikala 2,300, halafu nikitoka Coco nakula nyingine 780 kwa mbio zile zile!

Na hizo 780 nazo zilikuwa hewa. Kukimbia kunagharimu takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Kilo 88 mara kilomita 6 ni 528. Ndani ya hizo kuna kama 60 ambazo ningezitumia hata ningebaki kitandani dakika 45, mwili haulali deni. Zinazobaki za kukimbia kweli hazifiki 470. Saa yangu iliniandikia 780.

Nikadhani nimeuziwa feki Kariakoo. Kumbe hata za bei mbaya zina ugonjwa huo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizipima saa na bangili saba za aina hiyo kwa watu 60. Mapigo ya moyo nyingi zilipatia vizuri. Kwenye kalori, iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na mbovu kuliko zote asilimia 93. Saa inaona moyo unadunda, haioni misuli inachoma nini. Ukikimbizwa na mbwa inaandika, na pengine hata ukigombana na mpenzi kwenye simu.

Upande wa sahani ndo usiseme. Kuna utafiti mdogo lakini maarufu uliotoka Marekani mwaka 1992, ulihusu watu waliokuwa wanalia kwamba wanakula kidogo na bado hawapungui. Walipopimwa kisawasawa, walikuwa wanataja chakula pungufu kwa asilimia 47, na mazoezi wanayazidisha kwa asilimia 51. Hawakuwa waongo, waliamini. Nikakumbuka mihogo yangu. Nilikuwa nahesabu muhogo, je, mafuta? Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Soda ya mililita 350 ni karibu 150. Sahani ya chipsi mayai, ile ya muuza chipsi asiye na roho mbaya, si ajabu ikafika 900. Mbio zangu mbili za kuvuka daraja na kurudi zinamezwa na sahani moja huku nasubiri daladala.

Tukakokotoa wiki nzima, chakula upande huu, matumizi upande ule. Ikatoka kwamba nilikuwa nazidisha kama kalori 300 kwa siku. Mafuta ya kilo moja ni kama kalori 7,700. Kwa wiki 12 hiyo ni kilo 3 na ushee, na mizani yangu ilipanda 3. Niliishiwa pozi.

Mdogo wangu alikuwa anachekea kanga mpaka hapo. Kisha yule mama akavuta karatasi yake.

Alimwambia hivi: mwili wako una matumizi kama nyumba. Kuna kodi, maji, umeme, halafu kuna mambo ya kupendeza kama pazia jipya. Kilo zako 64, ukitoa mafuta, zinabaki kama 45 za misuli, mifupa na viungo. Wataalamu wa michezo wanaangalia chakula kinachobaki baada ya kulipia mazoezi, na chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya hizo 45 ni eneo la hatari. Yaani baada ya kukimbia ulitakiwa ubaki na 1,350. Wewe unakula 1,200, kilomita 8 zinachukua kama 470, unabaki na 730. Mwili unaishije na 730? Unakata matumizi. Joto la mwili linapunguzwa, ndo ile baridi yako. Usingizi unavurugika. Na kitu cha kwanza ambacho mwili unaona kinaweza kusubiri ni uzazi, hivyo homoni zinashuka na siku zinakatika. Hapo mtu anafurahi hachafuki, kumbe homoni hizo hizo ndizo zinazolinda mifupa. Wakimbiaji wa kike wanaokaa hivyo muda mrefu wanapata nyufa kwenye mifupa ya miguu wakiwa bado wasichana. Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitolea tamko tatizo hili mwaka 2014, na ikasema wazi kwamba wanaume nao linawakumba, nguvu zinashuka hata kule wanakojivunia.

"Kwa hiyo nirudishe nilichokichoma?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wewe urudishe chote, tena na nyongeza," mama yule akasema. "Hukuwa na cha kupunguza tangu mwanzo. Gauni lipanuliwe."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni muda wote, akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kusikika korido nzima. Nadhani alikuwa anasherehekea mimba ambayo haipo kuliko kingine chochote.

Nilibaki na swali langu. Kama kukimbia kunachoma kweli, kwa nini nisiache kula zile za mazoezi kabisa na nipungue kwa kasi? Jibu alilonipa lilinipeleka mbali, mpaka Ziwa Eyasi. Wahadzabe wa kule, wanaowinda na kuchimba mizizi, walipimwa na Herman Pontzer na wenzake, matokeo yakatoka mwaka 2012. Wanaume wao walikuwa wanatembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, wanawake karibu 6. Watafiti waliwanywesha maji maalumu ambayo yakipimwa kwenye mkojo yanaonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani. Ungetarajia Mhadzabe anachoma mara mbili ya karani wa Marekani, sivyo? Ukilinganisha watu wa umbo sawa, matumizi ya siku yalikuwa karibu sawa!

Maelezo yake Pontzer ni kwamba mwili unaozoea kazi nyingi unabana kwingine. Wapo wanasayansi wanaobishana naye juu ya ukubwa wa huko kubana, mimi siingii ugomvi wao. Lakini kwa mtu wa Coco maana yake ni kwamba 470 za kwenye karatasi huenda zisitoke zote kwenye kitambi. Nyingine mwili unazirudisha kinyemela, na nyingine unazirudisha mwenyewe: ukitoka kukimbia unakaa kwenye kochi mpaka jioni, hata rimoti unaomba uletewe. Nilijitambua hapo.

Basi alichonipangia ni hiki. Programu ya simu nikaijaza upya kama mtu wa kukaa ofisini, isinihesabie mazoezi kabisa. Kwa kilo zangu 91 ikaja 2,200, ukitoa 500 ni 1,700. Hiyo ndiyo ya kila siku. Siku ya kukimbia narudisha kama nusu ya nilichochoma, nusu ya hesabu ya kilo mara kilomita, siyo ya saa. Kwangu ni kalori 250 au 270, yaani mayai mawili ya kuchemsha na ndizi moja, au kikombe cha maharage na kipande cha kiazi. Nikitembea tu nusu saa kutoka kituoni, sirudishi kitu. Nikiingia kichaa nikakimbia kilomita 15, narudisha zaidi, na nakula kabla sijaanza kuona nyota. Mtu mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge asinifuate mimi, amuulize daktari wake, kwa sababu yeye mazoezi na njaa vikikutana vinaweza kumlaza chini.

Kisha akanipa masharti ya mizani: nijipime asubuhi, nichukue wastani wa wiki, niangalie baada ya wiki tatu au nne. Nikishuka zaidi ya kilo moja kwa wiki niongeze chakula, nisiposhuka kabisa nipunguze ile nusu. Mizani yako ndiyo inayojua kama kanuni imekupatia au la, maana kanuni yenyewe ni ya watu wa wastani, na wastani haushonewi suti.

Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Wiki ya kwanza nilipita pale penye mihogo nikiwa nimeshika yai la kuchemsha kwenye mfuko wa kaptura. Washkaji waliniita majina. Muuza chipsi wa mtaani alimuuliza mke wangu kama nimesafiri.

Siku ya harusi mizani ilisoma 88. Ndiyo, pale pale nilipoanzia miezi minne na nusu nyuma, lakini safari hii inashuka. Fundi alikata suti ya inchi 38 na kuacha kitambaa cha ziada ndani, "kwa lolote litakalotokea bosi," alisema, na sikumlaumu. Gauni la bi harusi lilipanuliwa mbavuni kwa lesi ambayo watu walidhani ni mtindo. Siku zake zilikuwa bado hazijarudi wakati ule. Zilirudi mwezi wa pili baada ya harusi, na aliyetangaza ni shangazi.

Sasa hivi anakimbia siku tatu tu kwa wiki, na shemeji yupo nyuma anahema. Jumamosi iliyopita tulimaliza pamoja, tukakaa kwenye ukuta kutazama bahari. Akanunua muhogo mmoja, akaukata vipande viwili, akavitazama kwa muda mrefu, akanipa kile kidogo.